Kabla Muhuri Haujagongwa: Maeneo Matakatifu ya Manibe Mbele ya Miradi ya Serikali



Nimeombwa nizungumzie ulinzi wa mahali patakatifu pa wenyeji pale ambapo serikali imeshatoa ruhusa ya kujenga. Nitaanza na jambo ninaloliamini kuliko yote nitakayosema leo. Mahali pa wahenga hapafi siku greda inapofika. Panakuwa pameshakufa miezi mingi kabla, ofisini, siku ramani ilipopita mezani na hakuna aliyeiwekea kidole akasema: hapa pana kitu. Greda huja kumalizia tu. Kwa hiyo mwenye kutaka kulinda asingoje sauti ya injini. Awahi muhuri.

Natumia Kiswahili kwa sababu ukumbi huu una Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wanubi, na ndugu waliovuka mpaka wa Kongo kutoka Aru na Ariwara, na ndiyo lugha inayotukutanisha sokoni na kambini tangu enzi za babu zetu waliokuwa askari. Majina ya mambo yetu nitayaacha kama yalivyo.

Tuanze na sura ya vitu vyenyewe, maana hapo ndipo tatizo lote linapozaliwa. Mtu wa Kampala akisikia urithi wa utamaduni, anaona makaburi ya Kasubi na paa lao kubwa la nyasi, au jengo la mawe lenye kibao mlangoni. Mlugbara hakujenga hivyo. Madhabahu ya ori, ya wahenga wa nyumba, huwa ni vipande bapa vya jiwe la matale vilivyosimamishwa na kulazwa kama kijumba kidogo, mara nyingi chini ya ghala la nafaka. Kimo chake hakizidi goti. Ghala likioza na watu wakihama, mawe hubaki yamezama kwenye nyasi, na mgeni atakayepita atadhani ni mafiga yaliyotupwa. Lakini mzee wa ukoo akisimama pale anajua ni babu yupi aliyetolewa damu na pombe juu ya mawe yale, kwa ugonjwa wa nani, na ugomvi upi uliopatanishwa kwanza kabla sadaka haijakubalika. Maana sadaka haikuliwa na watu wenye vinyongo. Mawe yale yalikuwa mahakama, na yalikuwa kumbukumbu ya mahakama.

Halafu kaburi. Sisi tunazika nyumbani. Mtu wa kawaida akifa, kaburi lake hukaa uani na kwa miaka husawazika na ardhi. Mtu mwenye jina, au mleta mvua, alipandiwa mti wa laru, wa jamii ya mkuyu, upande wa kichwani. Mti huo ndio kaburi. Aliyeukata kwa ajili ya kuni amebomoa jiwe la kaburi bila kujua kwamba alikuwa na kaburi mbele yake. Na mleta mvua mwenyewe, opi-ezo, alikuwa na kijisitu chake, ambamo mawe ya mvua yalihifadhiwa ndani ya chungu. Huyu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuwaita watu wa koo zinazopigana na kuwakataza kwa laana. Katika nchi ambayo haikuwa na mfalme, kijisitu kile ndicho kilichokuwa ikulu yetu, na hakikuwa na ukuta.

Juu ya yote hayo kuna milima miwili. Wazee wanasimulia kwamba mashujaa wawili waliotuzaa ni Jaki na Dribidu. Jaki anahusishwa na mlima Liru, kule Koboko, na Dribidu na mlima Eti, ambao ramani inauita Wati. Kila ukoo wa Kilugbara hupanda ngazi ya nasaba mpaka umfikie mmoja wao. Milima hiyo angalau inaonekana kwa mbali, na mpimaji hawezi kusema hakuiona. Shida kubwa iko kwa vitu vya kimo cha goti.

Mkiangalia sasa ni nani anayekuja kwetu, mtaona kwa nini nasema shida. Tarehe 1 Julai 2020 Arua ilitangazwa kuwa jiji, na kaunti nzima ya Ayivu ikaingizwa ndani yake. Manibe, iliyokuwa kaunti ndogo ya mashamba ya muhogo na maharage, ikaamka imo ndani ya mipaka ya jiji. Tangu 2010 Sheria ya Mipango ya Ardhi imeifanya Uganda yote kuwa eneo la mipango, lakini kijijini sheria hiyo ilikuwa kama haipo. Jijini ipo. Inakuja na barabara zilizopimwa upana, viwanja vya shule, vituo vya mabasi, nguzo za umeme, mabomba, maeneo ya viwanda. Na mimi sitasimama hapa niwaambie kwamba tunavichukia vitu hivi. Eneo letu la West Nile lilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, watoto wetu wakisomea kwenye taa za mafuta na vinu vyetu vikisimama kwa kukosa dizeli. Aliyemzika mgonjwa kwa sababu gari lilikwama kwenye matope hahitaji kuhubiriwa ubaya wa lami. Barabara tunazitaka. Tunachokitaka zaidi ni kuulizwa zipite wapi.

Na tunaulizwaje? Mradi mkubwa lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, itoe cheti. Watu wa mradi hufika, huitisha mkutano kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji, LC1, watu hutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na soda hugawiwa. Karatasi ile ya mahudhurio ikishafungwa nyuma ya ripoti, inasomeka kama kwamba wote waliohudhuria walikubali. Kisha wanakuja wathamini na fomu zao. Fomu ina safu: nyumba ya matofali ya kuchoma, nyumba ya udongo, choo, mwembe mkubwa, mwembe mdogo, muhogo kwa ekari, kaburi. Bei za mazao na majengo yasiyo ya kudumu hupangwa na bodi ya ardhi ya wilaya. Laru kichwani mwa kaburi utahesabiwa kama mti. Mawe ya ori hayatahesabiwa kabisa, au yakihesabiwa yatageuzwa pesa ya mbuzi wa tambiko, na mwenye nyumba atatia dole gumba.

Hapo ndipo ninapoona hatari iliyojificha. Fidia ni haki, na ni haki iliyopiganiwa. Tarehe 29 Oktoba 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mamlaka ya Barabara dhidi ya Irumba na mwenzake, ilisema serikali haiwezi kuchukua ardhi ya mtu kwanza na kumlipa baadaye, kwa sababu ibara ya 26 ya Katiba inataka malipo yatangulie. Hukumu njema sana. Lakini fidia inajibu swali moja tu, la kiasi gani. Swali la kama mahali pale paguswe au pasiguswe lilipaswa kujibiwa mapema zaidi, na mahali pakishaandikwa kwenye fomu ya mthamini swali hilo limekwisha. Kitu kikipata bei, kimeshapata ruhusa ya kuondolewa.

Mfano mkubwa kuliko yote nchini kwetu uko Jinja. Maporomoko ya Bujagali, kwenye Nile ile ile inayopita Rhino Camp kwetu, yalikuwa makao ya mzimu Budhagaali wa Wasoga, na alikuwapo mganga aliyebeba jina hilo, Nabamba Budhagali. Serikali ilitaka bwawa la umeme hapo. Kampuni ya kwanza, AES kutoka Marekani, ilianza miaka ya 1990 na ikajitoa 2003. Ya pili, Bujagali Energy, ilianza ujenzi 2007. Mashirika ya Uganda, NAPE likiwamo, yalipeleka malalamiko mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, na mradi ukachunguzwa mara mbili. Na suala la mizimu lilitatuliwaje? Kwa matambiko ya kuihamisha, yaliyogharamiwa na mradi. Waganga waliitwa, wanyama wakachinjwa, ngoma zikapigwa, ikatangazwa kwamba wenye mahali wameridhia kuhamia kwingine. Nabamba Budhagali akashikilia kwamba Budhagaali hahamishiki, na kwamba waliofanya tambiko hawakuwa na mamlaka ya kulifanya.

Nawaomba wazee mkae na jambo hili kidogo, maana litafika hapa. Kampuni haikumkataa Budhagaali. Haikusema mizimu ni upuuzi. Ilimkubali, kisha ikatafuta mtu wa kuzungumza kwa niaba yake. Ugomvi uliokuwa kati ya wenyeji na mradi ukageuka kuwa ugomvi kati ya mganga na mganga, na mradi ukakaa pembeni ukisubiri. Maji yalijaa 2011, maporomoko yakafunikwa, na tarehe 8 Oktoba 2012 bwawa la megawati 250 likazinduliwa rasmi. Umeme wake tunautumia Uganda nzima, nami sisemi uzimwe. Nasema kwamba pale ambapo jamii haijakubaliana mapema nani anayesema kwa niaba ya mahali, mwenye mradi atamchagua msemaji mwenyewe.

Na kuna sehemu ya pili ya hadithi hiyo ambayo husahaulika. Ili kufidia Bujagali, mwaka 2007 serikali iliahidi kwa mkataba na Benki ya Dunia kwamba maporomoko ya Kalagala, kaskazini kidogo, yatatengwa; nayo pia ni mahali pa ibada ya jadi. Halafu likaja bwawa la Isimba, megawati 183, likazinduliwa Machi 2019, na ziwa lake likapanda hadi kwenye eneo lile lililoahidiwa. Patakatifu pa pili palitolewa dhamana kwa ajili ya pa kwanza, na dhamana yenyewe ikaguswa. Mtu akikuambia tuachieni hapa, kule hatutagusa, mwombe aandike kule kwenye daftari la ardhi, kwa mipaka na kwa jina la mwenyewe, kabla hujaachia hapa.

Wapo walioshinda. Lamu, pwani ya Kenya, ni mji wa kale wa Waswahili uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Serikali ya Kenya iliidhinisha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, megawati 1,050, na leseni ya mazingira ikatolewa 2016. Watu wa Lamu wakaenda kwenye Baraza la Rufaa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu iliyowaangusha waliotoa leseni si ya kishujaa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya mwanzo ilifanywa kabla ripoti ya athari haijawapo, na ripoti ilipokuja watu hawakurudiwa waelezwe yaliyomo. Yaani ni ile ile karatasi ya mahudhurio niliyoitaja. Lamu waliweza kuonyesha walichoulizwa, lini, na wasichoulizwa. Walikuwa na tarehe zao. Sisi huwa na hasira zetu, na hasira haiingii kwenye jalada la mahakama.

Nchi tajiri zenye sheria nyingi nazo zimeanguka. Kule Australia Magharibi, watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura walikuwa na mapango ya Juukan, ambayo binadamu waliyatumia kwa miaka 46,000. Kampuni ya madini ya Rio Tinto ilipewa ruhusa ya serikali 2013 chini ya sheria ya urithi ya 1972; ndiyo, sheria iliyoitwa ya kulinda. Mwaka uliofuata wachimbuzi wa mambo ya kale waliokwenda kuokoa wanachoweza walikuta, pamoja na mengine, kipande cha nywele za watu kilichosukwa miaka 4,000 iliyopita, na vipimo vya DNA vikakihusisha na watu wale wale wanaoishi leo. Kwa akili ya kawaida ungedhani ruhusa itasimamishwa. Sheria haikuwa na mlango wa kuirudisha ruhusa nyuma kwa ajili ya jambo jipya lililojulikana. Tarehe 24 Mei 2020 mapango yalilipuliwa kwa baruti ili kufikia chuma. Mkurugenzi mkuu wa kampuni alipoteza kazi, bunge likafanya uchunguzi, radhi zikaombwa. Wenyeji walikuwa wamesema. Walikuwa na ushahidi ambao hakuna ukoo wa hapa utakaoupata. Ila ushahidi ulifika baada ya muhuri.

Basi Manibe ifanye nini? Naona kazi ni ya kuandika, na najua nikisema hivyo mbele ya wazee nagusa pabaya. Mahali patakatifu nguvu yake ni kutotajwa ovyo. Ukiweka kijisitu cha mvua kwenye ramani, umekionyesha kwa mwizi wa mbao, kwa mtafuta dhahabu, kwa mhubiri kijana mwenye panga. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini Wamijikenda wa pwani ya Kenya waliikabili kabla yetu. Misitu yao ya kaya ilianza kuandikwa kwenye gazeti la serikali mwaka 1992, na 2008 kaya kadhaa zikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Walichotangaza ni mpaka. Kilichomo ndani, kilipo na kinavyofanywa, kimebaki kwa wazee wa kaya. Mpimaji anahitaji kujua mahali pa kukunja barabara. Hahitaji kujua chungu kimewekwa wapi.

Hofu ya pili inatoka kanisani na msikitini, na wengi wetu tunaoketi hapa ni waumini. Mtu anauliza, mbona mnataka kufufua tambiko? Kutambua kaburi la babu hakumlazimu mtu kuchinja mbuzi. Mkatoliki wa Manibe ana haki ya kujua babu yake alizikwa wapi, na asiyetaka kusimama mbele ya mawe ya ori asisimame. Wanaotaka kuyang'oa ndio tunaotofautiana nao.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, na sitalipamba. Sehemu kubwa ya ardhi yetu takatifu haichukuliwi na serikali. Tunaiuza sisi. Jiji limepandisha bei ya kiwanja, kijana mmoja wa ukoo anachukua malipo ya kwanza, mnunuzi anapata barua ya LC1, na baada ya miaka miwili kuna nyumba ya ghorofa juu ya makaburi ya watu ambao hawakuwa baba zake peke yake. Mradi wa serikali ukija baadaye, unamkuta mwenye hati mmoja, unamlipa, unaondoka. Hapo hakuna ukoo wa kupinga, maana kisheria ukoo haupo.

Ndiyo maana nawaomba tuupe ukoo mwili wa kisheria. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu watu wenye ardhi ya pamoja kuunda chama cha ardhi ya pamoja, kuchagua kamati, na kuandikishwa wakiwa wamiliki. Pia inatoa cheti cha umiliki wa kimila. Kijisitu kimoja, makaburi ya ukoo mmoja, chemchemi moja, vinaweza kumilikiwa hivyo, na mtu mmoja asiweze kuviuza. Kamati hiyo hiyo ndiyo iandikishwe kwa maneno wazi kuwa msemaji wa mahali, ili lile la Bujagali la kutafutiwa msemaji lisitokee. Mipaka ipelekwe kwa ofisi ya mipango ya jiji, nakala kwa NEMA, nakala kwa idara ya makumbusho ambayo sasa inaongozwa na Sheria ya Makumbusho na Minara ya 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967, na nakala kwa ofisi ya Agofe, mkuu wa taasisi yetu ya utamaduni ya Lugbara Kari. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Muhuri wa kupokelewa wa leo utapambana na muhuri wa kuidhinisha wa kesho.

Tukishakuwa na karatasi hizo, sheria zina mahali pa kushika. Lengo la 25 la taifa ndani ya Katiba linataka dola na raia walinde urithi wa Uganda. Sheria ya Mazingira ya 2019, kifungu cha 4, inaitambulia asili yenyewe haki ya kuwapo, na kijisitu cha mvua ni asili kabla hakijawa kitu kingine. Mradi unaotumia fedha za Benki ya Dunia, kama zile zilizotia lami mitaa ya Arua chini ya USMID, mpango wa miundombinu ya manispaa, unafungwa na masharti ya benki yenyewe juu ya urithi wa utamaduni, na Jopo la Ukaguzi lipo kwa ajili ya raia wa kawaida. Hakuna kati ya hizi inayofanya kazi kwa mtu aliyefika mikono mitupu.

Kazi ya kutembea na kuonyesha isiachiwe wanaume peke yao. Mama aliyeolewa hapa akiwa msichana na kuchota maji kwenye chemchemi ile ile maisha yake yote anajua mti uliokatazwa kukatwa na njia iliyokatazwa kupitwa jioni. Binti aliyeolewa Terego anakumbuka kaburi la nyanya yake ambalo kaka zake wamelima juu yake. Waitwe, walipiwe nauli, waketi wakati majina yanaandikwa. Vijana wenye simu wachukue alama za mahali, na mzee mmoja wa kila ukoo athibitishe palepale, si kwa kuhadithiwa.

Wakati wake ni kiangazi, Januari na Februari, nyasi zikishaungua na kabla mvua hazijarudi, maana miezi hiyo ndiyo mawe ya kimo cha goti yanapoonekana. Napendekeza tuanze na koo zilizo karibu zaidi na barabara, kwa kuwa huko ndiko wapimaji watakakoanza, na wenyeviti wa LC1 walioko humu ukumbini wabaki baada ya maswali ili tupange siku.